Mitume na Tafsiri: Mazungumzo Kuhusu Uvuvio wa Maandiko

Mazungumzo ya dini ya juma hili yanahusu jambo linalosomwa kanisani kila mwaka na ambalo kwa kawaida hupita bila mtu kuliuliza. Tarehe 25 Machi, Kanisa Katoliki linapoadhimisha sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, wimbo wa katikati hutolewa katika Zaburi ya 40, ambamo mtunga zaburi anamwambia Mungu kwamba hakupendezwa na dhabihu wala sadaka, bali alimfungulia yeye masikio. Dakika chache baadaye husomwa sehemu ya sura ya 10 ya Waraka kwa Waebrania, ambamo maneno hayohayo ya zaburi yananukuliwa, lakini mahali pa masikio pametajwa mwili, kwa maana kwamba Mungu alimwandalia mwili. Zaburi ni ileile na aya ni ileile, na zote mbili zimo katika kitabu kimoja chenye jalada moja. Je, masikio yalikwenda wapi, na mwili ulitoka wapi?

Swali hilo linagusa fundisho ambalo Wakristo wa madhehebu karibu yote wanalikiri, yaani fundisho la uvuvio. Uvuvio, kwa maelezo mafupi, ni imani kwamba waandishi wa Biblia waliandika wakiongozwa na Roho Mtakatifu kwa namna ambayo walichokiandika, ingawa kina lugha, tabia na mazingira ya wanadamu, ni neno la Mungu. Waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 3, unaliita andiko kitu chenye pumzi ya Mungu, na hapo ndipo neno uvuvio lilipopata mzizi wake. Basi, ikiwa ni hivyo, pumzi hiyo imo katika Kiebrania kinachosema masikio, au katika Kigiriki kinachosema mwili, au katika vyote viwili?

Jibu la kihistoria ni rahisi kuliko jibu la kiimani, kwa hiyo ni vyema lianze. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania hakuwa akinukuu Kiebrania. Alikuwa akinukuu tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, ile inayoitwa Septuaginta, maana yake Sabini, ambayo ilikuwa imekwisha kutumika miongoni mwa Wayahudi kwa muda mrefu kabla ya Kristo kuzaliwa. Hili ndilo jambo la kushikwa tangu mwanzo: sehemu kubwa ya manukuu ya Agano la Kale yaliyomo katika Agano Jipya yanafuata tafsiri, na walioyanukuu hawakusita kuyaita maandiko.

Tafsiri yenyewe ilizaliwa Misri, katika mji wa Iskanderia, ambako waliishi Wayahudi wengi waliokuwa wakizungumza Kigiriki zaidi kuliko Kiebrania. Barua ya kale iitwayo Barua ya Aristea inasimulia kwamba mfalme Ptolemayo wa Pili, aliyetawala Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alitaka Torati iwekwe katika maktaba yake, akamwandikia kuhani mkuu wa Yerusalemu, naye akampelekea wazee 72, sita kwa kila kabila, waliofanya kazi hiyo katika kisiwa cha Faro kwa siku 72. Wataalamu wa leo wanaisoma barua hiyo kwa tahadhari, maana ina harufu ya hadithi ya kuitukuza tafsiri, lakini wanakubali kwamba Torati ilifasiriwa huko Iskanderia katika karne hiyo, na kwamba vitabu vingine vilifuata baadaye kwa mikono ya watu mbalimbali, wengine mafundi na wengine si mafundi sana. Mjukuu wa Yoshua bin Sira, aliyefika Misri mwaka 132 kabla ya Kristo na kukifasiri kitabu cha babu yake, aliandika katika dibaji kwamba maneno ya Kiebrania hayana nguvu ileile yanapohamishiwa lugha nyingine, na kwamba hata Torati na Manabii katika Kigiriki yana tofauti isiyo ndogo. Aliyasema hayo mfasiri mwenyewe, karne nzima na zaidi kabla ya mitume.

Turudi kwenye masikio. Kiebrania cha zaburi hiyo, kikichukuliwa neno kwa neno, kinasema kwamba Mungu amemchimbia mtu masikio, na maana yake ni kwamba amempa uwezo wa kusikia na kutii. Mwili ulipataje kuingia? Maelezo mawili hutolewa. Wako wanaosema kwamba mfasiri aliliona neno la Kiebrania kuwa gumu, akataja kitu kizima mahali pa sehemu yake, maana aliyechimbiwa masikio ameumbiwa mwili wa kutii. Wengine wanaeleza kwa kutazama herufi. Zamani Kigiriki kiliandikwa kwa herufi kubwa zilizofuatana bila nafasi kati ya neno na neno. Neno linalotangulia katika aya hiyo huishia na herufi ya sauti s, na neno la masikio ni otia. Mnakili anayesoma harakaharaka anaweza kuiunganisha ile s na otia, kisha akaziona herufi mbili za katikati, t na i, kana kwamba ni herufi moja ya m, na mara moja mbele ya macho yake lipo neno soma, ambalo kwa Kigiriki ni mwili. Kama maelezo haya ya pili ni sahihi, basi neno mwili liliingia katika zaburi kwa jicho lililoteleza.

Hapo ndipo swali la uvuvio linapokuwa zito, kwa sababu mwandishi wa Waebrania hakulitaja neno mwili kwa kupita tu. Aya tano mbele anajenga juu yake hoja kuu ya sura hiyo, kwamba waamini wametakaswa kwa kutolewa mwili wa Yesu Kristo mara moja tu, tofauti na dhabihu za wanyama zilizorudiwa kila mwaka. Ondoa mwili, weka masikio, na ule uzi unaounganisha zaburi na msalaba unalegea. Ni kweli kwamba wazo kubwa la zaburi, yaani utii ulio bora kuliko sadaka, limesalimika katika lugha zote mbili, na watetezi wa waraka huo husimama hapo kwa haki. Lakini hoja imechukua neno lenyewe pia, na neno hilo ni la tafsiri.

Je, tukio hilo ni la pekee? Si la pekee. Msikilizaji mwenye Biblia karibu na afungue Matendo ya Mitume sura ya 15, penye kikao cha Yerusalemu, karibu mwaka 49 baada ya Kristo, ambapo wazee walijadili kama watu wa mataifa wanaoingia katika kanisa watahiriwe au la. Aliyetoa neno la mwisho ni Yakobo, na andiko alilolitegemea ni la nabii Amosi, sura ya 9. Katika Kiebrania, Amosi anasema kwamba Israeli itayamiliki mabaki ya Edomu, taifa jirani na adui wa siku nyingi. Katika Kigiriki, anasema kwamba mabaki ya wanadamu watamtafuta Bwana. Kumiliki na kutafuta, Edomu na wanadamu, ni maneno ambayo katika Kiebrania yanakaribiana sana kwa herufi zake, na mfasiri aliyasoma kwa njia yake. Yakobo, kama Luka anavyomnukuu, anafuata njia hiyo ya mfasiri. Wapo wanaojibu kwamba Yakobo kwa hakika alizungumza Kiaramu na kwamba Luka ndiye aliyeweka Septuaginta kinywani mwake. Inawezekana, lakini jibu hilo linalihamisha swali kutoka kwa Yakobo hadi kwa Luka, na Luka naye ni mwandishi mwenye uvuvio. Uamuzi uliofungua mlango wa kanisa kwa watu wa mataifa bila sharti la kutahiriwa, wakiwemo Waafrika Mashariki wote waliobatizwa, umeandikwa katika Biblia ukiwa umeegemea maneno ya tafsiri.

Mfano wa tatu ni mdogo, lakini unaonyesha vizuri jinsi tofauti hizi zilivyozaliwa. Kitabu cha Mwanzo, mwishoni mwa sura ya 47, kinasema kwamba mzee Yakobo wa Agano la Kale, akiwa karibu kufa, aliinama kwenye mchago wa kitanda. Waebrania, sura ya 11, inasema aliinama kwenye ncha ya fimbo yake. Mtu yeyote wa pwani aliyejifunza kusoma Kiarabu kisichotiwa irabu atalielewa jambo hili upesi, maana Kiebrania cha kale nacho kiliandikwa kwa konsonanti, na kwa konsonanti zilezile tatu mtu husoma mittah, kitanda, au matteh, fimbo, kulingana na irabu anazozitia kwa ulimi wake. Wafasiri wa Iskanderia walitia irabu za fimbo. Alama za irabu tunazoziona leo katika Biblia ya Kiebrania ziliwekwa na wataalamu wa Kiyahudi, Wamasora, karne nyingi baada ya Kristo, nao walitia irabu za kitanda. Katika Biblia ya Kiswahili mchago na fimbo vyote vimebaki mahali pake, kila kimoja katika agano lake.

Ni lazima kuonya hapa kwamba si kila tofauti kati ya Kigiriki na Kiebrania ni kosa la mfasiri. Kwa karne nyingi watu walidhani hivyo, mpaka hati za Qumran zilipoanza kugunduliwa mwaka 1947 katika mapango ya karibu na Bahari ya Chumvi. Miongoni mwa vipande hivyo vya Kiebrania zimo nakala zinazokubaliana na Septuaginta mahali ambapo Kiebrania cha kawaida kinatofautiana nayo. Stefano, katika Matendo sura ya 7, anasema watu wa jamaa ya Yakobo walioshuka Misri walikuwa 75, wakati Kiebrania cha kawaida kinasema 70. Kimepatikana kipande cha kitabu cha Kutoka, cha Kiebrania, chenye 75. Kitabu cha Yeremia, ambacho katika Kigiriki ni kifupi zaidi kwa karibu sehemu moja ya nane, kimepatikana vilevile katika umbo fupi la Kiebrania. Kwa maneno mengine, siku za mitume palikuwa na zaidi ya umbo moja la Kiebrania mikononi mwa Wayahudi wenyewe, na mara nyingine mfasiri alikuwa mwaminifu kabisa kwa nakala aliyokuwa nayo.

Sasa, kanisa la kale lililijibuje swali hili? Wakubwa wawili walishindana, na ushindani wao unafaa kusimuliwa kwa kirefu. Kabla yao, Filo wa Iskanderia, Myahudi aliyeishi wakati mmoja na Bwana Yesu, alikuwa amekwisha kusema kwamba wafasiri wa Torati waliandika kama watu waliojazwa roho, kila mmoja akitoa maneno yaleyale kana kwamba mtu asiyeonekana anawasomea imla. Wakristo waliofuata wakaongeza kwamba wazee walitengwa, kila mmoja peke yake, na walipokutana wakakuta wameandika sawasawa. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliisimamisha hoja yake juu ya mapokeo hayo katika kitabu chake kiitwacho Mji wa Mungu. Kwa maoni yake, Roho aliyekuwa ndani ya manabii ndiye aliyekuwa ndani ya wale Sabini. Yaliyomo katika Kiebrania na hayamo katika Kigiriki, Roho alipenda kuyasema kwa manabii, na yaliyomo katika Kigiriki peke yake, alipenda kuyasema kwa wafasiri. Hata Yona alipowapa watu wa Ninawi siku arobaini katika Kiebrania na siku tatu katika Kigiriki, Augustino hakubabaika: katika siku tatu aliuona ufufuo wa Kristo, na katika arobaini akaziona siku alizokaa na wanafunzi kabla ya kupaa.

Yeronimo, aliyekuwa akiishi Bethlehemu, alikataa. Alikuwa amejifunza Kiebrania kwa walimu wa Kiyahudi, na tangu karibu mwaka 390 hadi 405 aliifasiri sehemu kubwa ya Agano la Kale moja kwa moja kutoka Kiebrania kuingia Kilatini, kazi ambayo baadaye ilikuwa kiini cha Biblia iitwayo Vulgata. Alisema kwamba kuwa mfasiri ni jambo moja na kuwa nabii ni jambo jingine, na habari ya vyumba vya faragha vya wale wazee aliiita uongo usiojulikana ulianzishwa na nani. Akaongeza hoja ambayo ni vigumu kuipangua: mitume wenyewe hawakuifuata Septuaginta siku zote. Mathayo anapotaja kuitwa kwa Mwana kutoka Misri, anafuata Kiebrania cha Hosea, maana Kigiriki kinasema watoto. Na Yohana anapotaja kumtazama yule waliyemchoma, anakikaribia Kiebrania cha Zekaria, kwa kuwa Septuaginta hapo inasema jambo jingine kabisa.

Tafsiri mpya ya Yeronimo haikupokewa kwa shangwe. Augustino alimwandikia barua mwaka 403 kumweleza yaliyotokea Oea, mji ambao leo ni Tripoli ya Libya, askofu wa huko alipoisomesha kanisani tafsiri hiyo ya kitabu cha Yona. Ule mmea uliomfunika Yona kwa kivuli, ambao watu walikuwa wamezoea kuusikia kama mmea wa jamii ya mboga, ukawa sasa mmea mwingine unaotambaa ukutani. Pakazuka ghasia, Wagiriki wakipiga kelele kwamba maandiko yameharibiwa. Askofu akalazimika kuwauliza Wayahudi wa mji huo, nao wakasema kwamba neno la zamani ndilo sahihi, na ikambidi aliondoe neno jipya ili asibaki bila waumini. Waliofungua Biblia ya Kiswahili wanaujua mmea huo kwa jina la mtango, na huenda nao wangenung'unika kama siku moja msomaji angetaja mti mwingine.

Karne zilizofuata hazikuumaliza ugomvi. Wakristo wa Kiorthodoksi, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Tanzania, wanaihesabu Septuaginta hadi leo kuwa Agano la Kale la kanisa lao. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulitangaza kwamba Vulgata ya Kilatini ndiyo tafsiri ya kutegemewa katika mafundisho, na Papa Pio wa Kumi na Mbili alieleza mwaka 1943 kwamba tangazo hilo halikuzuia wala kudharau kurejea Kiebrania na Kigiriki. Upande wa Waprotestanti wa kiinjili, Tamko la Chicago la mwaka 1978 lilisema kwamba uvuvio, kwa maana yake kamili, ni wa maandishi ya kwanza yaliyotoka mikononi mwa waandishi wenyewe, na kwamba nakala na tafsiri ni neno la Mungu kwa kadiri zinavyoyafuata maandishi hayo kwa uaminifu.

Kanuni hiyo ya mwisho ina nia njema, kwa kuwa inamkinga mwamini asidhani kwamba kila kosa la mpiga chapa ni sauti ya mbinguni. Lakini inapopelekwa kwenye Waebrania sura ya 10, inatatizika. Watetezi wake hujibu kwamba mwandishi wa waraka alikuwa na uvuvio wake mwenyewe, hivyo neno mwili ni neno la Mungu kwa sababu yeye aliliandika, hata kama mtunga zaburi hakuliandika. Jibu hilo lina uzito, ila linafika nusu ya njia tu, maana mwandishi halileti neno hilo kama lake. Analitanguliza kama maneno anayoyasema Kristo anapoingia ulimwenguni, na anatazamia kwamba wasomaji wake watakubali kwa kuwa wanayajua kuwa ni maandiko. Nguvu ya hoja yake ilikuwa katika mamlaka ambayo zaburi ya Kigiriki ilikuwa nayo tayari machoni pao.

Timotheo mwenyewe ni shahidi mzuri. Baba yake alikuwa Mgiriki na mama yake Myahudi, na alikulia katika eneo la Listra, mbali na Yerusalemu, mahali ambapo maandiko ya Wayahudi yalisomwa kwa Kigiriki. Yale maandiko matakatifu aliyoambiwa kwamba ameyajua tangu utoto, katika aya inayotangulia ile ya pumzi ya Mungu, yaelekea kabisa yalikuwa ya Septuaginta. Aya ambayo kila mwalimu wa uvuvio huanza nayo iliandikwa kwa mtu aliyelelewa kwa tafsiri, na mwandikaji wake hakumwambia aende akatafute Kiebrania kwanza.

Na maneno ya Bwana Yesu je? Alifundisha kwa Kiaramu, lakini Injili zote nne ziliandikwa kwa Kigiriki, na Kiaramu chake kimebaki katika maneno machache tu kama Aba na Efatha. Mahubiri ya mlimani, mifano, na sala anayoijua kila mtoto wa katekisimu, vyote vilifika kwa wasomaji wa kwanza wa Injili vikiwa vimekwisha kufasiriwa. Anayeshikilia kwamba tafsiri haiwezi kubeba uvuvio ajiulize atazifanyaje Injili.

Kwa hiyo Augustino na Yeronimo wote wawili walikuwa na haki kwa sehemu, na pengine Yeronimo zaidi. Hapakuwa na haja ya muujiza wa vyumba vya faragha ili tafsiri istahili kuitwa andiko; mitume waliiita hivyo wakijua, angalau katika baadhi ya mahali, kwamba Kiebrania kilisema vingine, na walipoona Kiebrania kinafaa zaidi walikichukua bila kuomba radhi. Uhuru huo unawasumbua wasomaji wa leo kuliko ulivyowasumbua wao.

Kuna kishawishi cha zamani cha kuondoa usumbufu huo kwa kuzilinganisha aya kwa nguvu, ama kuipeleka zaburi iseme mwili, ama kuwapeleka Waebrania waseme masikio, na wanakili wa kale hawakukosa kufanya hivyo katika baadhi ya nakala zao. Watayarishaji wa Biblia za Kiswahili zinazotumika sana katika Afrika Mashariki hawakufanya hivyo. Waliiacha kila aya iseme ilivyosema katika lugha yake, na msomaji wa somo la pili tarehe 25 Machi ataendelea kutamka mwili mbele ya watu waliotoka kuimba masikio. Padri au mchungaji atakayeulizwa sababu, sasa ana la kujibu.

Wasikilizaji wapendwa, liko swali moja ambalo limeachwa kwa makusudi, nalo ni la vitabu kama Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, ambavyo vilisafiri ndani ya Septuaginta na ambavyo Wakatoliki na Waprotestanti hawajakubaliana juu yake hadi leo. Hilo litapata nafasi yake katika mazungumzo ya juma lijalo, saa kama hii.